SINKI LIMEZIBA NA WATEJA WAKO MEZANI? ZIBUA MWENYEWE KWA PAMPU NA SPRINGI



Leo tunagusa jambo ambalo mtu analiona dogo mpaka siku linapomkuta. Sinki la kuoshea vyombo limeziba. Na halizibi siku ya mapumziko. Linaziba siku ya mnada.

Picha hii mama lishe wengi mnaijua. Saa 6 mchana, Katoro au Kahama, hata hapo Shinyanga mjini. Wali umeiva, supu ya kongoro inachemka, vijana wametoka karashani na njaa zao wameshakaa kwenye benchi. Sahani za asubuhi ziko ndani ya sinki, na sinki limejaa maji ya kijivu yenye mafuta juu. Hayaendi. Msichana wa kazi anachota kwa kopo anamwaga nje, mbele ya mlango wa biashara. Nzi hao. Mteja anaangalia, anasonya, anahamia banda la jirani.

Fundi umempigia. Kasema yuko Nyarugusu, atakuja saa 10.

Sasa tupige hesabu. Tuseme mchana unauza sahani 60 na kila sahani inakuachia faida ya sh. 500. Hiyo ni sh. 30,000. Kama sinki limekusimamisha na ukauza sahani 30 tu, umepoteza sh. 15,000 kabla hujamlipa fundi hata mia. Na mteja aliyehama leo si lazima arudi kesho.

Halafu kuna afya. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 kipindupindu kilipita Kanda ya Ziwa, Shinyanga ikiwemo. Bwana afya akikuta maji machafu yametuama jikoni au yanatiririka mlangoni, hataki kusikia habari za fundi wa Nyarugusu. Anafunga.

Habari njema ni kwamba sinki likiziba, mara nyingi tatizo liko karibu, ndani ya mita moja au mbili kutoka pale unapooshea. Unaweza kulimaliza mwenyewe, bila dawa kali, kwa vifaa vya mkono ambavyo ukinunua mara moja vinakaa miaka.

KWANZA UJUE NINI KIMEZIBA

Sinki la mama lishe haliziibwi na kitu kimoja. Ni mchanganyiko.

Mafuta ya ng'ombe ndiyo namba moja. Supu, kongoro, nyama ya kukaanga. Mafuta haya yakiwa ya moto ni maji, yakipoa yanaganda kama mshumaa. Unamwaga yakiwa maji, yanafika kwenye bomba la baridi, yanaganda ukutani mwa bomba. Kesho tena kidogo. Bomba la inchi moja na nusu linageuka kuwa tundu la kidole.

Ukoko wa wali na ugali unanasa kwenye hayo mafuta. Magamba ya sato na vichwa vya dagaa vinafuata.

Halafu kuna hili la kwetu: kusugua masufuria kwa majivu na mchanga. Masizi yanatoka vizuri kweli, lakini ule mchanga unashuka, unatulia sehemu ya chini kabisa, unachanganyika na mafuta na wanga. Ukikauka ni kama umepiga plasta ndani ya bomba. Dawa yoyote ya kumwaga haiyeyushi mchanga. Mchanga unatolewa kwa mkono tu.

PILI, UJUE LIMEZIBA WAPI

Usianze kuhangaika kabla hujajibu maswali mawili.

Swali la kwanza: ni sinki peke yake, au na bafu na choo navyo vinagoma? Kama ni sinki peke yake, tatizo liko kwenye sinki au kwenye bomba lake. Kama vyote vinagoma, au ukimwaga maji bafuni yanaguguma kwenye sinki, tatizo liko mbele.

Swali la pili: chemba ya nje ikoje? Funua mfuniko wa chemba iliyo karibu na jiko. Kama ni tupu, kizuizi kiko kati ya sinki na chemba, kazi ni yako. Kama imejaa, usipoteze jasho lako ndani. Shimo limejaa au bomba la nje limeziba. Hapo unahitaji gari la kunyonya maji taka, au fundi mwenye springi ndefu ya mita 10 na kuendelea.

Dakika mbili za kufunua chemba zinaweza kukuokolea mchana mzima.

VIFAA

1. Pampu ya kuzibulia, ile ya mpira yenye mti. Nunua mpya kwa ajili ya sinki. Ile ya chooni ibaki chooni, usiniletee jikoni.

2. Springi ya kuzibulia. Ni waya wa chuma uliosokotwa kama springi, una mpini wa kuzungusha. Ya mita 3 hadi 5 inatosha kwa jiko la kawaida. Unene wa milimita 6 hadi 10 unapita vizuri.

3. Ndoo au karai, glavu za mpira, matambara mawili, mswaki wa zamani, tochi ya simu.

Kama springi huna leo na mnada ni leo, waya wa breki wa baiskeli unasaidia kwa kizuizi cha karibu. Kunja ncha yake iwe kindoano kidogo, kiasi cha punje ya mahindi. Vaa glavu, maana nyuzi zake zikifumuka zinachoma kama miiba. Na usiusukume kwa nguvu mpaka ukapotelea ndani, utakuwa umeongeza kizuizi juu ya kizuizi.

HATUA YA 1: PAMPU

Chota maji machafu mpaka yabaki ya kufunika ule mpira wa pampu, kama sentimita 5 hadi 8. Usiyatoe yote! Hapa ndipo wengi wanakosea. Hewa inabonyea, maji hayabonyei. Ukipiga pampu kwenye sinki kavu, nguvu yako inaishia kubonyeza hewa. Ukiwa na maji, kila unachosukuma kinafika kwenye kizuizi.

Kisha ziba kitundu cha juu pembeni mwa sinki kama kipo, kwa tambara lililolowa. Kama sinki lina mashimo mawili, ziba na lile la pili. Usipoziba, nguvu inatokea huko na unajiogesha bure.

Weka mpira ufunike tundu lote. Piga juu chini mara 15 hadi 20, bila kuinua mpira. Mara ya mwisho vuta kwa nguvu. Ule mvuto wa kurudi mara nyingi ndio unaokwangua uchafu, kuliko hata kusukuma.

Rudia mara tatu au nne. Maji yakizunguka na kushuka kwa sauti, umeshinda. Yasiposhuka, twende hatua ya 2.

HATUA YA 2: FUNGUA TRAPU

Inama chini ya sinki. Utaona bomba limepinda kama herufi U, au kuna kikombe cha plastiki kimening'inia. Mafundi wanaita trapu. Kazi yake ni kubakiza maji kidogo muda wote ili harufu na mende wa shimoni wasipande jikoni. Na kwa kuwa ndiyo sehemu ya chini, ndipo mchanga na mafuta yanapotulia.

Funga maji. Weka ndoo chini yake kabla hujagusa kitu. Legeza nati kwa mkono, kinyume na mshale wa saa. Za plastiki hazihitaji spana. Ikigoma, ifunge tambara ndipo uizungushe. Ukibana kwa koleo inapasuka, na hapo umejitengenezea safari ya dukani.

Ikifunguka, maji yatamwagika yote ndani ya ndoo. Kabla hujachomoa, angalia washa za mpira zimekaaje, upande mwembamba umeelekea wapi. Piga picha kwa simu. Wakati wa kurudisha utanishukuru.

Peleka trapu NJE ukaisugue kwa mswaki na sabuni. Nasisitiza nje kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuifungua, nikaisafisha vizuri, halafu kwa mazoea nikafungua bomba la sinki hilohilo niisuuze. Maji yote yakanishukia miguuni na viatu vyangu vya kanisani. Shemeji yangu alicheka wiki nzima.

Ukikuta trapu imejaa, umeshapata mwizi wako. Irudishe, kaza kwa mkono, jaribu maji. Ukikuta ni safi, usiirudishe bado. Kizuizi kiko ndani ya ukuta.

HATUA YA 3: SPRINGI

Ingiza ncha ya springi kwenye bomba la ukutani, pale trapu ilipokuwa imeunganishwa. Kuanzia hapa ni rahisi kuliko kupitia juu ya sinki, maana umeshakwepa ile kona ya trapu.

Sukuma taratibu mpaka igome. Hapo kuna vitu viwili: ama ni kona ya bomba, ama ni kizuizi. Zungusha mpini kuelekea mshale wa saa huku ukisukuma kidogo. Kama ni kona, itateleza na kuendelea. Kama ni kizuizi utahisi inang'ang'ania, nzito, kama inachimba udongo mbichi.

Endelea kuzungusha upande uleule. Ukizungusha kinyume, springi inajifumua na kujikunja ndani. Ikishang'ata, vuta nyuma pole pole huku bado unazungusha. Itatoka na uchafu ncha nzima. Ufute kwenye ndoo, rudi tena. Mara tatu, mara nne.

Usiwe na haraka ya kutoboa tu. Ukitoboa katundu kadogo maji yatapita leo, na wiki ijayo unarudi palepale. Lengo ni kukwangua kuta za bomba. Springi ikipita bila kugoma kwenda na kurudi, hapo ndo umemaliza.

Rudisha trapu, kaza, mimina maji ya kutosha, halafu pitisha tambara kavu kwenye kila nati. Likilowa, washa haijakaa sawa. Fungua upange upya.

Mwisho, mimina lita 3 za maji ya moto yenye sabuni ya unga. Nasema ya moto, sio yanayotokota. Bomba la plastiki linalainika likipigwa na maji yanayochemka na viungio vinaachia. Pia ujue maji ya moto peke yake si dawa ya kuzibua. Yanayeyusha mafuta hapa na kuyagandisha mita tatu mbele, ambako mkono wako haufiki.

USIFANYE HAYA HATA KAMA JIRANI KAKUAMBIA

Usimwage kostiki. Watengeneza sabuni mnajua vizuri kostiki ikikutana na mafuta inakuwa nini. Inakuwa sabuni! Ndani ya bomba lenye maji kidogo sabuni hiyo inaweza kuganda ikawa kizibo kigumu kuliko cha mwanzo. Tena kostiki inapata joto kali ikikutana na maji, na ikirukia jichoni unaweza kupofuka.

Usimwage maji ya betri. Ni asidi. Inakula chuma na ngozi.

Usichanganye jiki na asidi, wala jiki na dawa nyingine yoyote ya kusafishia. Jiki na asidi vinatoa gesi ya klorini, na jiko la mama lishe ni chumba kidogo.

Na kama mtu alishamwaga dawa yoyote kabla yako, usipige pampu na usifungue trapu. Itakurukia usoni. Uliza kwanza: "Nani kamwaga nini humu?"

HILI NI LA KWETU HUKU KWENYE DHAHABU

Wanaosoma kutoka Geita, Rwamgasa, Mwakitolyo, Kahama, tulieni hapa kidogo.

Nyumba nyingi za kupanga na vibanda vya biashara vimewahi kukaliwa na watu wa dhahabu. Kuna waliokamatisha dhahabu kwa zebaki ndani ya beseni, wakasuuzia kwenye sinki. Zebaki ni nzito mara 13.6 kuliko maji. Haiendi mbali. Inashuka kwenye trapu na kutulia pale, inaweza kukaa miaka.

Kwa hiyo kama hujui nyumba ilikaliwa na nani, fungua trapu taratibu, mimina kwenye ndoo na umulike kwa tochi. Ukiona vitone vya fedha vinang'aa na kukimbiakimbia kama shanga, SIMAMA HAPO.

Usivishike kwa mkono. Usimwage maji ya moto, maana zebaki ikipata joto inatoa mvuke usiouona wala kuusikia harufu, na mvuke huo unaharibu ubongo na figo. Usivifagie, vinasambaa. Usivimwage chooni wala nje. Na usiseme "ngoja niuze." Toa watoto na mjamzito jikoni, fungua madirisha, ndoo hiyo ifunike iwe na maji juu yake, isogeze mahali pa wazi ambapo mtoto hafiki. Mwambie mwenye nyumba na afisa afya wa kata. Masuala ya kemikali kama hizi yanasimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ana ofisi ya Kanda ya Ziwa Mwanza. Jiko hilo lisipike mpaka lisafishwe na wanaojua.

Wale wa kuchenjua marudio kwa sayanaidi, vyombo na ovaroli za kazi zisioshwe kabisa kwenye sinki la chakula. Sayanaidi ikikutana na asidi inatoa gesi inayoua. Ndiyo maana nimesema maji ya betri hapana. Hujui kilichotangulia kwenye bomba hilo.

Hata ovaroli na buti za duarani tu, zisizo na kemikali, ziosheeni nje kwenye karai. Tope lile ni mchanga mtupu. Linaziba.

LIKIZIBA KILA MWEZI, TATIZO SIO WEWE

Ukizibua vizuri na bado linarudi kila baada ya wiki tatu, angalia mteremko wa bomba. Bomba la maji machafu linatakiwa kushuka kama sentimita 2 hadi 2.5 kwa kila mita moja. Likiwa limelala, mafuta na mchanga vinatulia njiani. Chukua mpira mwembamba wa maji unaopitisha mwanga, ujaze maji, upime ncha mbili kama wajenzi wanavyofanya. Kama bomba limelala, hilo ni la mwenye nyumba. Mwite, mwonyeshe, ongea naye kwa heshima mkubaliane nani analipa. Kabla ya kubomoa ukuta wa mtu pata ruhusa, na mkiweza andikianeni hata karatasi.

KINGA: SH. 0 MPAKA ELFU CHACHE

1. Weka kichujio kwenye tundu la sinki. Kama huna, kipande cha wavu wa dirisha kinafanya kazi.

2. Kabla sahani haijaingia kwenye sinki, kwangua mabaki kwenye ndoo. Mwenye kuku au nguruwe atayafuata mwenyewe.

3. Mafuta yaliyobaki, yaache yapoe kwenye kopo. Usimwage. Sufuria ya supu ifute kwanza kwa karatasi ndipo uoshe.

4. Kusugua kwa majivu na mchanga kufanyike nje, kwenye karai. Suuza ya kwanza imwagwe nje kwenye shimo la takataka, ya pili ndiyo iende sinki.

5. Kila Jumapili jioni, lita 3 za maji ya moto na sabuni. Kila mwisho wa mwezi fungua trapu, safisha, rudisha. Dakika kumi tu. Andika kwenye daftari lako la mauzo ili usisahau.

Wakati Shinyanga na Kahama tunahangaika na ndoo, hakuna aliyekuwa na shida ya sinki kuziba. Sasa maji ya Ziwa Victoria yanatoka kule Ihelele, Misungwi, yanafika mpaka bombani kwako. Ni baraka. Lakini maji yaliyoingia lazima yapate pa kutokea, na hilo la kutokea wengi hatukufundishwa.

Kama una springi yako na umeshaizoea, usishangae majirani wakianza kukuita. Wapo vijana wanaanza hivyo hivyo: banda la kwanza bure, la pili kwa soda, la tatu kwa hela. Ila hata usipoifanya kazi, mnada ujao ukifika na sinki likagoma saa 6 mchana, hutamsubiri mtu wa Nyarugusu. Utafunga kanga vizuri, utavaa glavu, na ndani ya nusu saa sahani zinarudi mezani.

Mtumie mama lishe mmoja unayemjua.